Miale ya jua tusiyoiona na hofu tunazotumiana

Mara kwa mara huzunguka katika simu zetu ujumbe unaosema kwamba usiku wa leo, baina ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu, miale hatari kutoka angani itapita karibu na dunia, na kwamba kila mwenye simu aizime na kuiweka mbali na mwili wake. Ndani yake hutajwa taasisi ya anga ya Marekani na shirika la utangazaji la Uingereza ili maneno yapate uzito. Ujumbe huo una umri wa miaka mingi, umepita katika lugha nyingi, na haujapata kuwa wa kweli hata mara moja. Pamoja na hayo, kila unaporudi hupata wabebaji wapya, na wengi wao ni watu wema, akina baba na akina mama wasio na nia nyingine ila kuwahurumia jamaa zao.

Jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alinijia baada ya sala ya isha akaniuliza, "Sheikh, hii miale inayosemwa, ipo au haipo?" Nilimwambia kwamba miale ipo, tena ile itokayo kwenye jua ni mikali kuliko alivyoambiwa, lakini haimfikii yeye wala mjukuu wake. Alinitazama kama mtu aliyepewa nusu ya chenji yake. Jibu la mlangoni mwa msikiti halikumtosha, na pengine haliwatoshi wengi, kwa hiyo leo nimeona tulifafanue kwa utulivu.

Nuru tuionayo kwa macho ni sehemu ndogo tu ya nuru yote iliyopo. Wataalamu hupima nguvu ya chembe moja ya nuru kwa kipimo kiitwacho elektrovolti, na mtu asitishwe na jina hilo, ni kipimo kidogo kama ratili ilivyo kwa muuza nyama. Chembe ya nuru ya kawaida ina takriban elektrovolti 2. Chembe ya eksirei, ile itumikayo hospitali kupiga picha ya mfupa, ina maelfu ya elektrovolti. Miale ya gama ndiyo iliyo juu ya zote, nayo huanzia mamia ya maelfu ya elektrovolti ikapanda hadi mamilioni, na mara nyingine mabilioni.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa jua ni tanuri la nyuklia, basi miale hiyo humiminika kutoka katika kiini chake mchana kutwa. Sivyo. Ni kweli kwamba katika kiini cha jua haidrojeni huungana na kuwa heli, na katika muungano huo miale ya gama huzaliwa. Lakini jua lenyewe ni kizuizi. Nguvu ile hunyonywa na kutolewa tena mara zisizohesabika, ikidhoofika kidogo kidogo kwa maelfu mengi ya miaka, hata inapofika usoni mwa jua imekwisha kuwa nuru ya kawaida hii tunayoanikia mpunga na dagaa. Miale mikali ya gama tunayoizungumzia leo huzaliwa kwingine kabisa, katika milipuko inayotokea juu ya uso wa jua.

Jua limejaa nguvu za sumaku. Nyuzi za nguvu hizo hutokeza, hujipinda na kusokotana kama kamba za ngarawa zilizoachwa ovyo, hasa juu ya madoa meusi yanayoonekana usoni mwake. Zikisokotwa kupita kiasi hukatika na kuungana upya kwa namna nyingine, na nguvu iliyokuwa imefungwa humo huachiliwa kwa dakika chache. Huo ndio mlipuko wa jua. Chembe za umeme zilizopo mahali hapo, yaani elektroni na protoni, husukumwa kwa kasi inayokaribia kasi ya nuru. Nyingine hutupwa nje angani, na nyingine hushuka zikagonga gesi nzito iliyo chini yake.

Elektroni zinapogonga hutoa eksirei na gama za kila kipimo, zikiwa zimechanganyika bila mpaka. Protoni hufanya kazi tofauti, na hapa ndipo penye faida kubwa. Protoni ikigonga kiini cha atomu ya kaboni, kiini hicho hutikisika na kutoa mwale wa gama wenye elektrovolti milioni 4.4, wala si kipimo kingine. Kikigongwa kiini cha oksijeni, mwale wake ni wa milioni 6.1. Ni kama mtu aliye nje ya nyumba akasikia vyombo vikigongwa ndani. Hakioni chombo hata kimoja, lakini kwa mlio tu atakwambia hili ni sinia, hiki ni kikombe na ile ni sufuria ya chuma.

Kuna mlio mmoja unaoshinda yote. Katika migongano hiyo hung'oka nyutroni, chembe isiyo na umeme, ikatangatanga ndani ya gesi ya jua ikipunguza mwendo hadi ikamatwe na haidrojeni. Hapo hutoka mwale wa elektrovolti milioni 2.2. Kwa kuwa nyutroni huchukua muda kabla ya kukamatwa, kwa wastani kiasi cha sekunde 100, mwale huo hufika kwetu ukiwa umechelewa kidogo nyuma ya mingine, na kwa kuchelewa huko wataalamu wanajua kuwa ni wenyewe. Zamani tungeweza kusema tu kwamba jua limelipuka. Sasa twaweza kusema ni chembe gani zilirushwa, kwa nguvu gani, na ziligonga nini.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mara ya kwanza milio hiyo kusikika ilikuwa Agosti 1972, kwa chombo kilichokuwa ndani ya setilaiti ya Marekani iitwayo OSO-7, kazi iliyoongozwa na Edward Chupp wa Chuo Kikuu cha New Hampshire. Mwaka 1980 ikarushwa setilaiti nyingine, Solar Maximum Mission, ambayo haikumaliza hata mwaka kabla ya mitambo yake ya kujielekeza kuharibika. Ilikaa angani ikiwa nusu mzima hadi Aprili 1984, wanaanga waliposafiri kwa chombo Challenger, wakaikamata, wakaifungua na kubadilisha vipuri kwa mikono yao, kisha wakaiachia. Ikafanya kazi hadi mwaka 1989. Vijana wetu wanaovunjika moyo kwa kukosa jibu la hesabu jioni moja wangefaa kusimuliwa habari ya fundi aliyekwenda kubadilisha fyuzi mahali pasipo hewa.

Pwani yetu nayo ina sehemu katika historia hii, ingawa watoto wengi wa Malindi hawaijui. Katika jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na mji huo, ilirushwa Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani, na kwa sababu ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Miaka miwili baadaye, Novemba 1972, ikarushwa kutoka hapo hapo SAS-2, iliyokuwa ya kuchunguza miale ya gama. Kazi yake ilikuwa kuitazama miale itokayo mbali huko kwenye nyota, si ya jua, lakini elimu ni moja na vyombo ni ndugu. Jina la Kiswahili limo katika vitabu vya fani hii dunia nzima, nasi twaogopeshwa na ujumbe wa simu.

Mwaka 2002 ilirushwa RHESSI, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyotoa somo kubwa kuliko zote. Wale wa kabla yake waliisikia milio bila kujua inatoka upande gani wa mlipuko. RHESSI iliweza kuchora picha. Julai 23, 2002 jua lililipuka kwa nguvu, na wataalamu walitarajia kuona elektroni na protoni zikiangukia mahali pamoja, kwa kuwa mlipuko ulikuwa mmoja. Haikuwa hivyo. Mahali palipotoka gama za protoni palikuwa mbali na mahali pa elektroni kwa takriban kilomita 15,000, umbali uzidio upana wa dunia yetu. Mlipuko mmoja ulikuwa umezitenga chembe zake na kuzipitisha njia mbalimbali. Setilaiti hiyo ilizimwa mwaka 2018 na Aprili 2023 ikaanguka na kuteketea juu ya jangwa la Sahara.

Ikafuata Fermi, iliyorushwa mwaka 2008. Machi 7, 2012 iliona jua likitoa gama zenye elektrovolti zaidi ya milioni 100 kwa takriban saa 20, ilhali mlipuko wenyewe ulikuwa umekwisha zamani. Jambo la Septemba 1, 2014 lilikuwa la ajabu zaidi. Mlipuko ulitokea upande wa nyuma wa jua, tusikoweza kukuona kutoka duniani, na gama ni nuru, haipindi kona. Lakini Fermi ikaziona. Maana yake ni kwamba protoni zilisafiri kutoka nyuma, zikazunguka na kuangukia upande unaotukabili. Ni kitu gani kilichozibeba hivyo, na kuzipa nguvu kwa saa nyingi? Wako wanaosema ni wimbi kubwa la gesi linalotupwa nje na mlipuko, na wako wanaosema chembe hizo hunaswa katika matao makubwa ya sumaku na kuvuja pole pole. Mjadala haujafungwa.

Hapa nawaomba radhi wahubiri wenzangu niseme neno moja. Imekuwa desturi, tangu enzi za kanda na sidii, kila kinapogunduliwa kitu tukimbilie kusema kwamba tayari tulikuwa nacho. Wenye fani yao bado wanabishana nani ameisukuma protoni. Atakayeifunga imani ya watoto wake na upande mmoja wa ubishi huo, siku upande ule ukishindwa atawaambia nini? Mtoto apelekwe akasome fizikia, huko ndiko kulikopungua watu wetu.

Turudi kwa jirani yangu. Kwa nini nilimwambia miale haimfikii? Juu ya kila sentimita moja ya mraba ya ardhi pamesimama hewa yenye uzito wa takriban kilo 1, na hiyo ni sawa na maji ya kina cha mita 10. Kwa hesabu ya miale ya gama, sisi sote tumekaa chini ya bahari yenye kina hicho. Miale ya milipuko ya jua huishia juu sana, na ndiyo sababu wataalamu walilazimika kuvipeleka vyombo vyao nje ya hewa ili waione. Kama ingekuwa inatufikia, wangeipimia juani na kuokoa fedha nyingi. Kwa insafu niongeze kwamba nyutroni chache za jua hupenya kidogo zaidi. Juni 3, 1982 zilipimwa katika kituo cha Jungfraujoch, juu ya milima ya Uswisi. Ilihitajika mlima mrefu na chombo maalumu ili zijulikane, wala hazikumdhuru mtu.

Aidha, ujumbe ule hujikanusha wenyewe kwa akili ya kawaida. Unasema usiku wa manane, nasi twajua kwamba usiku jua liko upande wa pili, na kati yetu nalo pamelala dunia nzima, miamba na bahari zake. Tena miale ya gama ni nuru, na mwendo wake ni mwendo wa nuru. Kutoka kwenye jua hadi hapa ni dakika 8 na sekunde 20, na hakuna mjumbe awezaye kuitangulia. Anayekutajia leo saa ambayo miale itapita usiku amedai kujua jambo lisilojulikana hata na wenye setilaiti. Wao hutoa tahadhari ya uwezekano wa mlipuko, kama watabiri wa hali ya hewa wanavyosema kuna dalili za mvua.

Kinachoweza kutabiriwa kwa saa kadhaa au siku chache ni kingine, nacho ndicho kinachostahili kuangaliwa. Ni wimbi la gesi na sumaku ambalo milipuko mikubwa hulitupa angani. Hilo haliendi kwa mwendo wa nuru. Likifika huitikisa sumaku ya dunia, na hapo mitambo hupata taabu. Mlipuko ule ule wa Agosti 4, 1972, mmoja wa ile iliyotusikizisha milio ya gama kwa mara ya kwanza, wimbi lake lilifika katika muda usiotimia saa 15, na katika bahari ya Vietnam ya Kaskazini mabomu yaliyotegwa majini na jeshi la Marekani, yenye kuhisi badiliko la sumaku, yakaanza kulipuka yenyewe pasipo meli yoyote kupita. Wanaanga wa Apollo 16 walikuwa wamekwisha kurudi tangu Aprili, na wa Apollo 17 hawakuondoka hadi Desemba. Lau wangekuwa mwezini siku zile, pasipo hewa ya kuwakinga, chembe za mlipuko huo zingeweza kuwaumiza vibaya. Machi 13, 1989 watu milioni 6 wa Québec nchini Kanada walikaa gizani kwa kiasi cha saa 9 kwa sababu ya wimbi la namna hiyo. Kwa hiyo wenye haki ya kuogopa ni wasafiri wa anga za juu na wasimamizi wa umeme na setilaiti. Mama anayemnyonyesha mwanawe hayumo katika orodha hiyo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Mei 2024. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 dunia ilipigwa na dhoruba ya jua kubwa kuliko zote tangu 2003, na huko Marekani matrekta yanayoongozwa kwa setilaiti yakapotea mistari shambani. Tarehe 12, intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na nchi za jirani. Ni nani asingeyaunganisha mambo hayo mawili? Hata hivyo sababu ilikuwa nyingine kabisa. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. Meli ilihitajika kwenda kuzirekebisha, na jua halikuwa na hatia.

Kuunganisha mawili kwa sababu tu yamekutana siku moja ni kosa la zamani, na sisi tunalo onyo lake katika sira. Ibrahim, mtoto wa Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, alifariki akiwa mdogo, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Ulikuwa uvumi wa kumtukuza yeye mwenyewe, tena katika saa ya huzuni yake, na mwingine angeunyamazia. Yeye aliukanusha hadharani, akawafahamisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Nasi tulioamrishwa katika Surat al-Hujurat kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tutawatumia watu hamsini kwa kidole kimoja habari ya miale ya usiku, kisha tuseme tulikuwa tunatahadharisha tu? Hofu nayo ina madhara. Yuko mgonjwa anayeizima simu usiku mzima naye hana njia nyingine ya kuita msaada.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba wakati tunaogopa mwale usiotufikia, tunaupuuza ule unaotufikia kila siku. Miale ya urujuanimno, iliyo kali kidogo tu kuliko nuru ya macho, hupenya hewa na kutua juu ya ngozi zetu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hiyo ndiyo hatari ya kweli, kwani huwaletea vidonda na saratani ya ngozi katika umri mdogo. Moshi, katika hospitali ya KCMC, yametengenezwa mafuta ya kukinga ngozi kwa ajili yao, yaitwayo Kilisun. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta hayo, na mwalimu wa madrasa anayemkalisha mtoto huyo kivulini badala ya kwenye uwanja wa jua kali, haya ndiyo ya kutumiana kwenye simu. Sijapata kuletewa ujumbe wa namna hiyo hata mmoja.

Na kuna siku inakuja ambayo uvumi utafurika. Jumatatu, Agosti 2, 2027, jua litapatwa kabisa katika njia itakayopita Luxor, Jeddah na Makka hadi Somalia, na kwetu Afrika Mashariki litapatwa kwa sehemu, mchana. Siku hiyo jua halitatoa mwale mpya wowote. Kinachobadilika ni kwamba watu watalikodolea macho, na nuru yake ile ile ya kila siku huunguza nyuma ya jicho bila maumivu. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi, hata zikivaliwa mbili pamoja, wala filamu ya eksirei haitoshi. Ipo miwani maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua, nayo si ghali, ila huwa haba siku zikikaribia. Kamati za madrasa na shule zianze kuitafuta mapema.